Dubai: Nilimhesabia rafiki yangu kalori, nikampongeza kwa kupungua, kumbe anaumwa

Wakuu, heshima kwenu.

Humu mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Huwa napita, nacheka na comments zenu, naondoka zangu. Leo naandika kwa sababu hili jambo limenikaa kifuani na huku niliko sina wa kumsimulia akanielewa mwanzo mpaka mwisho.

Jina la rafiki yangu nimelibadilisha. Mengine yote ni kama yalivyokuwa, hata yale yanayoniaibisha. Mtakaotaka kunisema, nisemeni, nimejiandaa.

Ni uzi wa kupunguza uzito, lakini msikimbie. Siuzi chai ya kukata tumbo.

Mimi ni mwanamke, Mtanzania, nafanya housekeeping kwenye hoteli moja pande za Al Garhoud. Naishi Rashidiya kwenye villa ya kugawana vyumba. Chumba chetu tuko wanne, vitanda vya ghorofa, jiko moja la wote kule nyuma.

Kitanda cha juu yangu alilala Mkenya mmoja, nimwite Chebet. Mkalenjin wa Bomet, lady guard kwenye mall. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka michache, akaniita dada tangu siku ya kwanza na hakuwahi kuniita kitu kingine. Suruali yake ya kazi alikuwa anailaza chini ya godoro ili ijinyooshe yenyewe, maana pasi aliichukia. Nyumbani alimwacha mtoto wa kike kwa mama yake, na kazini kwake walishaanza kumwandaa kuwa supervisor wa shift. Hiyo supervisor aliitaka mno. Alikuwa anajifunza hata kuandika report kwa Kiingereza cha kiofisi, ananisomea mimi nikiwa nakunja nguo.

Sasa tuje kwenye uzito.

Nilipokuja Dubai nilikuwa na mwili wa kawaida tu. Lakini canteen ya wafanyakazi ni wali kila siku, wakati mwingine biriani, na ukitoka hapo kuna karak. Kwa msioijua, karak ni chai ya maziwa ya huku, nzito, tamu, inauzwa kila kona. Nilikuwa nakunywa asubuhi, nakunywa break, nakunywa nikitoka kazini.

Magoti yakaanza kulia. Kazi yangu ni kuinama, kutandika, kusugua bafu. Nikaenda clinic, daktari akaangalia, akasema kwa upole nipunguze uzito kabla ya kuanza kutafuta dawa.

Nikaingia mtandaoni. Ndiko nilikokutana na calorie deficit.

Kwa wasiojua, ni hivi. Mwili unatumia nishati kila siku, hata ukilala tu. Ukila pungufu ya unachotumia, mwili unakwenda kuchukua akiba yake, unapungua. Ukila zaidi, unaweka akiba, unanenepa. Hakuna uchawi hapo na mpaka leo naamini ni kweli.

Nikashusha app, nikanunua mizani ndogo ya jikoni na ile ya kupanda kupima mwili, nikachukua na saa ya kuhesabu hatua.

Chumbani walinicheka wakachoka. Mnajua ugali unavyoliwa, sinia moja, kila mtu anamega upande wake. Mimi nikawa namega tonge, naliweka kwenye mizani, naandika, ndipo nakula. Chebet akawa anasukuma matonge yake upande wangu.

"Dada, pima na hili langu uone kama limefika kilo."

Wakanibatiza jina, Dokta Kalori.

Na kupungua sikupungua. Wiki zikapita, mizani iko palepale, nikaanza kumtuhumu mtengenezaji wa app.

Kosa langu lilikuwa hili, na najua kuna wenzangu humu mnalifanya. Wakati wa kujiandikisha app iliniuliza kazi yangu ni ya kukaa au ya kuhangaika. Nikajibu ya kuhangaika sana, ikanipa chakula kingi kwa sababu hiyo. Halafu saa nayo ikawa inasoma hatua zilezile za kazini, inasema nimechoma kalori nyingi, app inaniongezea tena ruhusa ya kula. Jasho moja nalilipwa kwa chakula mara mbili. Juu yake mafuta ya kupikia nilikuwa simimini kwenye kijiko, namwaga tu kwenye sufuria kama mama alivyonifundisha. Na karak nilikuwa naiandika kama chai ya kawaida.

Nilipogundua nikarekebisha. Kazi nikaweka ya kawaida, kalori za saa nikaacha kuzila, mafuta nikapima, karak ikabaki moja. Mwezi uleule mizani ikaanza kushuka, polepole, lakini inashuka.

Hapo ndipo kichwa kilipovimba.

Nikawa mwalimu. Wadada wa villa nzima wakija jikoni naangalia sahani zao nawatajia kalori bila kuulizwa. Mmoja aliwahi kuondoka na chapati yake akaenda kuila kitandani. Nikaona hajielewi.

Chebet ndiye pekee aliyenivumilia. Akasema atanisindikiza kwenye safari yangu, si kwa sababu anataka kupungua, ila nisiwe peke yangu. Ilikuwa kiangazi, nje huwezi kutembea, kwa hiyo tukawa tunatembea ndani ya mall kama wafanyavyo wengi huku. Unazunguka maduka bila kununua kitu, AC inakupuliza, mnapiga stori. Kuandika chakula hakutaka, nikamwambia aniambie alichokula nitamwandikia mimi. Nikamfungulia ukurasa wake kwenye simu yangu.

Basi Chebet akaanza kupungua.

Mwanzoni kidogo. Halafu ikawa kila tukipanda mizani yeye ameshuka zaidi yangu, na yeye ndiye anayekula mpaka kushiba. Mimi napima wali kwa gramu, yeye anarudia ugali. Mimi karak moja, yeye anakunywa soda mbili baridi akitoka duty kwa sababu ya kiu.

Nilimwonea wivu, wakuu. Naandika hivyo hivyo, wivu. Nilikuwa nampongeza kwa mdomo, moyoni nauliza kwa nini yeye.

Villa nzima walimpongeza. Umependeza, umekuwa msichana, shingo imetoka. Akina dada wengine wakaja kwangu kuuliza nimempa mpango gani, nami nikapokea sifa. Nikasema ni deficit tu, ni nidhamu.

Siku moja tukiwa jikoni, nakaanga sukuma wiki, akaniuliza. Alikuwa ameshika kiuno cha suruali yake kwa mkono mmoja isidondoke.

"Dada, hii kupungua yangu si imekuwa mob, imezidi? Iko sawa kweli?"

Nikamjibu bila hata kugeuka. Nikamweleza kalori zinazoingia na zinazotoka. Nikamwambia guard anasimama na kuzunguka siku nzima, mwili unachoma. Halafu nikaongeza kitu ambacho sasa hivi kikinijia hata nikiwa kazini natamani kujificha.

Nikamwambia, "Na wewe ni Mkalenjin. Nyie ni watu wa mbio, miili yenu inachoma hata mkilala."

Akacheka. "Mimi hata shule nilikuwa natoroka mbio. Siku ya sports nilikuwa naenda kwa nurse nasema tumbo inauma."

"Damu ni damu," nikamwambia.

Akasema sawa dada. Yakaisha.

Sasa naomba mnisikilize vizuri hapa, maana ndipo penye kiini cha uzi.

Hesabu za Chebet zilikuwa kwenye simu yangu. Niliziandika mwenyewe. Na zilikuwa zinasema anakula zaidi ya anachotumia. Kwa hesabu zile alitakiwa anenepe. Mizani ilikuwa inasema anaporomoka.

Niliona. Halikuninyima usingizi hata siku moja, lakini niliona. Hesabu zilipokuwa zinanikataa mimi, nilichimba mpaka nikakuta nimehesabu jasho mara mbili. Zilipomkataa yeye, nikabadilisha hesabu. Nikaenda kwenye ukurasa wake, nikaweka kazi yake ni nzito kupita kiasi, zikakaribiana. Zilipokataa tena, nikajiambia labda ananidanganya vyakula, labda hamalizi sahani. Mwishowe nikajiambia ni Mkalenjin.

Na ishara zingine zote zilikuwepo mezani. Kiu, alikuwa anatembea na chupa kubwa ya maji, inaisha, anajaza, inaisha. Nani huku hanywi maji kiangazi? Chooni, alikuwa anaamka amka usingizini na kazini anaomba reliever, mtu wa kumshikia post, kila mara, mpaka supervisor wake, bwana mmoja wa Kipakistani, akawa anamtania kwenye radio, "Yalla Chebet, toilet again?" Tukaona ni hayo maji. Uchovu, nani hachoki kwa kusimama masaa yote yale? Macho yakawa yanamfanyia ukungu, tukasema ni taa za mall.

Kila kitu kilikuwa na jibu. Maisha ya huku yana majibu ya kila dalili.

Kuna siku yake ya off akasema anataka kwenda clinic kupima. Mmoja wa wenzetu chumbani akamtisha kwamba ukikutwa na ugonjwa wowote visa haifanywi upya, unarudishwa kwenu. Baadaye nilikuja kuambiwa kwa ugonjwa wake haikuwa hivyo, lakini maneno ya chumbani mnayajua yanavyotembea. Nikaona hofu imemuingia, anawaza ile supervisor.

Akanigeukia mimi. "Wewe unaonaje, dada?"

Wakuu, alinigeukia mimi.

Nikamwambia, "Utapoteza off yako bure. Hakuna mtu anaumwa anakula kama wewe. Vaa viatu twende mall."

Akavaa. Tukaenda. Nusu ya mzunguko akaomba tukae kwenye benchi, akasema miguu ni mizito. Nikamwambia asimame nimpige picha na ile suruali yake ya zamani, avute kiuno kwa mbele tuonyeshe nafasi iliyobaki. Akasimama, akavuta, akatabasamu. Nikaiweka status, nikaandika maneno ya kujisifu chini yake. Watu wakatuma makopa.

Ile picha bado ninayo. Ukiitazama leo unaona mgonjwa amesimama, anashikilia nguo.

Haikupita wiki.

Nilikuwa hotelini asubuhi, nasukuma trolley, simu ikaita. Mwenzake wa kazi, Mganda, akaniambia Chebet ameanguka kwenye post yake, alikuwa anatapika tangu alipoingia, anapumua kwa nguvu kama aliyekuwa anakimbia, na anaongea vitu havieleweki. Ambulance imemchukua. Kwenye fomu ya kazini, mtu wa kupigiwa aliandika mimi.

Niliomba ruhusa, nikaenda na uniform.

Daktari aliyetoka kuongea nami alikuwa Msudani, mtu mzima, anaongea taratibu. Akaniuliza mimi ni nani kwake. Nikasema dada yake. Akaniuliza amekuwa akipungua uzito tangu lini.

Na mimi, kwa mazoea, nikatoa simu. Nikamfungulia grafu. Mpaka nafanya hivyo bado sijaelewa, wakuu. Sehemu fulani ndani yangu ilikuwa bado inaonyesha kazi yake.

Akatazama. Akapitisha kidole kwenye vyakula. Akaniuliza, "Hivi vyote alikuwa anakula kweli?"

Nikasema ndiyo.

"Na alikuwa anapungua?"

Nikasema ndiyo.

Akanirudishia simu, akaniambia ni kisukari, kimefika mbali, damu yake imeshakuwa na asidi. Akanieleza kama unavyomweleza mtu asiye daktari. Chakula kilikuwa kinaingia, kinageuka sukari, lakini mwili unashindwa kuitumia. Sukari inabaki kwenye damu, inatoka na mkojo, inavuta maji pamoja nayo, ndiyo maana ya kiu. Mwili unaona hauna kitu, unaanza kujila wenyewe.

Hakunilaumu. Aliniuliza tu kama kuna mtu mwingine aliyekuwa amemwona mgonjwa kabla ya pale. Nikasema hakuna. Sikusema kwamba alitaka kwenda.

Nilikaa kwenye kiti cha pale nje. Deficit niliyokuwa naitangaza villa nzima kweli ilikuwepo. Chebet alikuwa na njaa ya kweli ndani ya mwili wake, sahani imejaa, na mimi nampigia makofi.

Alikaa ICU siku kadhaa. Figo zilitikisika, wakahangaika nazo. Alipozinduka vizuri wakaniruhusu kuingia. Alikuwa amekonda mpaka sikujua nilikuwa naangalia nini miezi yote ile. Mikono kama ya mtoto wa shule.

Nilikuwa nimepanga maneno. Yote yakapotea. Nikasema, "Nisamehe, mdogo wangu."

Akanitazama. Hakuwa na hasira, afadhali angekuwa nayo.

"Si nilikuuliza, dada," akasema. "Wewe ndio ulikuwa unajua hizi vitu. Nilijua kama kuna shida, utaniambia."

Nikamshika mguu juu ya shuka, nikaushika hivyo mpaka nurse akaniambia khalas, muda umeisha.

Alipona, namshukuru Mungu. Kupona kwenyewe ni kwa sindano za insulini kila siku na figo ambazo bado zinafuatiliwa. Kampuni haikumfukuza, niseme ukweli. Aliamua mwenyewe kurudi nyumbani, mama yake alitaka amwone. Ile nafasi ya supervisor ikaenda kwa mwingine, ni kawaida, kazi haisubiri. Nilimsindikiza airport, nikamkumbatia, nikahisi mifupa ya mabega kwenye viganja vyangu. Akaniambia nisijiumize. Alikuwa ananibembeleza yeye, mgonjwa.

Huwa tunaongea. Ananiambia mtoto amejifunza kumkumbusha sindano. Anacheka kama zamani. Kuna mambo ananiuliza, kuna mambo siku hizi haniulizi tena. Akiwa na swali la mwili wake anamuuliza nurse wa kule. Ndivyo inavyotakiwa, lakini inauma, na nimeikubali iume.

Kwa watakaouliza, ndiyo, mimi nimepungua. Magoti hayanisumbui kama mwanzo. Njia ilifanya kazi na sina furaha nayo hata kidogo.

Sijaja kuwaambia muache kuhesabu. Hesabuni. Pimeni mafuta, msihesabu mazoezi mara mbili, na saa isiwape ruhusa ya kula, mtafika. Lakini hesabu ya chakula ikikataa na umeshaangalia makosa yako, usianze kuilazimisha ikubali. Kuna kitu inajaribu kusema. Mtu anayekula vizuri na anapungua bila kutaka, ana kiu haiishi, chooni kila saa, anachoka, macho yana ukungu, huyo usimwambie ana bahati ya mwili mzuri, mpeleke akapime. Kipimo cha sukari ni tone la damu kwenye kidole, majibu unayapata ukiwa bado umekaa.

Na wewe ambaye watu wanakuuliza mambo ya afya kwa sababu umesoma soma mtandaoni kama mimi, jifunze kusema sijui. Neno fupi tu. Mimi lilinishinda mara zote alizoniuliza.

Karibuni kwenye comments. Matusi nitayasoma, ushauri nitaupokea, na kama kuna mtu humu anaishi na kisukari anieleze rafiki yangu anahitaji nini ambacho hawezi kuniomba, atakuwa amenisaidia kuliko anavyojua.

Ila kama unasoma hapa na kuna mtu unayemfahamu amepungua na hujui kwa nini, na yeye hajui, comment yako naomba isubiri. Mpigie kwanza.